Mabeleshi Yaliyokoboa Mpunga

Kosa langu la kwanza katika safari hii lilikuwa kulitafutia sanduku langu nafasi nzuri kuliko yangu mwenyewe. Niliogopa vyujio vya mashine vilivyokuwa ndani visije vikapinda. Basi asubuhi niliyoondoka Bukavu nilikataa kulifunga sanduku juu ya teksi pamoja na mizigo ya wengine. Nililipeleka kwenye lori lililokuwa likishuka Uvira na magodoro, nikalilaza kati ya godoro na godoro kama mgonjwa. Mimi nikapanda teksi, magoti yangu yakiwa mbavuni mwa mtu nisiyemjua.

Ninyi wenzangu wa mtaa wa Kasha mmeniuliza sana ilikuwaje nikafika Luberizi bila sanduku, na bado nikarudi kifua mbele. Kila nikianza kusimulia, mtu ananikatiza kwenye habari ya rozari, tunacheka, na mengine yanabaki tumboni. Nimeamua kuandika ili yatoke yote.

Niwakumbushe kwanza tulichokuwa tunakitafuta. Mashine ya kukoboa mpunga ina roli la chuma linalozunguka, na chini ya roli kuna bati lenye mianya myembamba. Pumba zinaangukia kwenye mianya, mchele unatokea mbele. Bati hilo ndilo chujio. Wenye mashine wanaliita tami. Tami ya Maman Nabintu, mwenye mashine kule Luberizi, ilikuwa imepasuka wakati wa mavuno, na mjini Bukavu hapakuwa na duka lenye nyingine. Zilikuwa zimekwama mbali, kwenye njia ndefu zinakotoka. Mashine ikisimama, wanunuzi wanakuja kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi, wanachukua mpunga mbichi kwa bei wanayotaka wao, na baadaye mpunga uleule unarudi katika magunia mazuri ukiitwa mchele wa nje. Mtu wa Luberizi ananunua mchele wa shamba lake.

Maman Nabintu aliuliza kwenye kikundi cha simu cha wenye mashine. Sauti yake ikapita kutoka simu hadi simu mpaka mtu mmoja wa Bagira akajibu: "Iko kijana moja Kasha anakata tami na tindo." Kijana huyo ni mimi. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuangalia video za watu wanaosema lugha nisizozijua, sauti nikiwa nimeizima, na kwa kuharibu mabati ya mapipa ambayo mnayakumbuka kwa sababu yaliwaamsha. Nilimwahidi vyujio. Nikavikata, nikavitupa, nikakata tena. Ningeweza kumtumia mchoro tangu mwanzo, lakini mistari haikuwa imenyooka.

Kasha hadi Nyangezi

Dereva wetu, Papa Déo, alikuwa mtu wa maneno mengi na honi chache. Nyuma yangu alikaa maman mmoja mnene aliyekuwa akipeleka kabichi Sange. Mimi nilikuwa nageuka kila kona kuangalia kama lori la magodoro linakuja. Nadhani nilikuwa pia nahema kwa sauti. Najijua.

"Mwana yangu," yule maman akasema, "unaacha nini kule nyuma?"

Nikamwambia ukweli, lakini kwa ufupi, kwa sababu nikiwa na wasiwasi maneno yananitoka mafupi. Nilisema sanduku nimeliweka kwenye lori lingine. Nilisema nimelifunga mwenyewe kwa kitambaa cheupe. Nilisema naogopa barabara italitikisa, na watu wa Luberizi wanalingoja.

Papa Déo akazima redio.

"Pole sana," maman akasema, akaniwekea mkono begani. "Alikuwa muzazi?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesahihisha. Mimi nilifungua mdomo, nikamwona tayari ametoa rozari kwenye mkoba, nikaufunga. Walianza kusali. Mzee aliyekaa mbele alivua kofia. Nyangezi tulipofika, mtu alininunulia ndizi na mkate, na sikulipishwa chochote. Nilikula nikiinamisha kichwa, na kadiri nilivyoinamisha ndivyo walivyonihurumia.

Ngomo

Kwenye miteremko ya Ngomo trela lilikuwa limekufa katikati ya kona. Vijana walikuwa wanachimba ukingo kwa mabeleshi ili magari madogo yapite moja moja. Malori yalikuwa yamepanga foleni juu, na katika foleni hiyo, bila hata kupakwa tope, lilikuwepo lori la magodoro. Lilikuwa limetupita tulipokuwa tunakula Nyangezi.

Nililikimbilia. Nikamwomba dereva wake anifungulie sanduku. Mvua ilikuwa inaanza kudondoka, na yeye alikuwa amekwisha kufunika mzigo wote kwa turubai na kukaza kamba.

"Godoro ikilowa, mwenye godoro atalala wapi?" akaniuliza. "Ngoja tu. Trela ikitoka, tutashuka wote."

"Itatoka lini?"

"Hiyo uliza trela."

Abiria wa teksi walikuwa wamenifuata, wakidhani kuna shida ya marehemu. Yule maman wa kabichi alifika akihema, akaangalia lori, akaangalia magodoro.

"Iko mu sanduku gani?"

Sikuwa na pa kujificha. Nikasema ni bati. Ni tami za mashine ya mpunga.

Kisha Papa Déo akasema kwa upole, "Maman, tulisali rozari nzima juu ya bati," na mzee wa mbele akairudisha kofia yake kichwani. Walicheka mpaka wachimbaji wakaacha kuchimba. Mimi nilitamani kuingia chini ya trela. Lakini maman alipomaliza kunicheka alisema neno moja lililonitoa jasho: "Bati au mutu, banakungoja. Unafanya je sasa?"

Nilimpigia Maman Nabintu. Mtandao ulishika kidogo. Aliniambia wanunuzi wa ng'ambo wamempa habari kwamba wanakuja kesho asubuhi na gari, na watu wamekwisha kushona midomo ya magunia, tayari kuwauzia. Nikamweleza habari ya sanduku, nikaongeza samahani nyingi, mpaka akanikata.

"Tami haiwezi kuya?"

"Haiwezi kuja leo."

"Basi leta kichwa."

Nilibaki nimesimama kwenye mvua kati ya sanduku na teksi. Ndani ya sanduku kulikuwa na kazi yangu nzuri kuliko zote. Kwenye mfuko begani kulikuwa na tindo, nyundo na tupa, nilizobeba kwa sababu siwezi kutoka bila hizo. Papa Déo akapiga honi, mara moja tu. Nikarudi kwenye teksi.

Kamanyola

Pale kwenye kona, teksi ilipokuwa inapita ukingoni, jiwe liling'oa bomba la moshi. Tulishuka hadi Kamanyola tukinguruma kama kinu, na kila mtu akivua sweta kadiri joto lilivyopanda. Papa Déo alitupeleka moja kwa moja kwa mchomeleaji anayemwamini, Tonton Bisimwa, mtu mrefu mwenye miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso. Wengine walikwenda kutafuta kivuli na soda. Mimi nilibaki kwa sababu ya rundo lililokuwa nyuma ya karakana: mabeleshi yaliyovunjika, makumi kwa makumi, bila mipini.

"Ngomo inakula beleshi," Bisimwa akaniambia alipoona ninavyoangalia. "Bananiletea nirudishie mupini. Mengine hairudishiki."

Nikamuuliza kama ana bati la pipa. Akauliza la nini. Nikamweleza. Akachukua kipande cha bati la pipa, akakikunja kwa vidole viwili, akanirudishia.

"Hii ndiyo unawekaga mu mashine?"

"Ndiyo."

"Inamaliza musimu?"

Sikujua. Sikuwahi kuona chujio changu kikimaliza msimu, kwa sababu vyangu vyote vilikuwa sandukuni vikisubiri kuwa kamili. Nilingoja aniulize nimesomea wapi, maana swali hilo huwa linafuata. Hakuuliza. Alikwishainama kwenye rundo.

Alichagua mabeleshi mawili, akayachoma mpaka yakawa mekundu, akayagonga yakalala bapa, akayafukia kwenye majivu yapoe polepole. "Ikipoa hivi inakuwa laini, unakata. Kiisha kukata, uichome tena na uizamishe mu mafuta ya moteri. Hapo inakuwa nguvu." Alisema kwamba chuma anakijua, lakini mianya inamshinda. Amewahi kujaribu, na mchele wote ulishuka na pumba. "Sasa na weye unichoree."

Nilitoa kalamu. Akakataa karatasi. Alitaka mchoro kwenye mlango wa karakana, kwa chaki, mahali ambapo hautapotea. Nilichora. Nikafuta. Nikachora tena. Mwanya wa tatu ulikuwa unainama kushoto.

"Mudogo," Papa Déo akaniita kutoka chini ya gari, "unachora tami ao unachora Bikira Maria?"

Bisimwa akaninyang'anya chaki. Akauliza mianya inalala upande gani, upande wa makali ya tindo unaangalia wapi, na umbali kati ya mmoja na mwingine. Nilijibu, naye akaandika kando kwa maneno yake. Mchoro ule mbaya ulibaki pale. Nilipouliza bei ya mabeleshi alinionyesha barabara kwa kidevu: niende tu, hadai kitu.

Baria

Kwenye baria, kizuizi cha barabarani kabla ya Luberizi, askari mmoja alitusimamisha, akayaona mabamba yale mawili mapajani mwangu, meusi na bado yana joto.

"Oyo nini?"

Nikamwambia ni beleshi linalokwenda kukoboa mpunga. Alinitazama kama mtu anayechezewa. Maman wa kabichi akatoa kichwa dirishani. "Acha yeye, afande. Ule anasafirishaga bati na bati inasaliwaga." Akamsimulia yote tangu rozari, kwa maneno na mikono. Askari alicheka, akauliza kama mashine ikitengenezeka bei ya mchele itashuka, kwa sababu yeye naye anakula. Maman akamwambia bei ikishuka yeye ndiye wa kwanza atakayejua. Tukapita.

Luberizi

Nilitegemea kumkuta Maman Nabintu peke yake. Nilikuta watu kama kwenye matanga. Walikuwa wenye mashine wa bonde la Ruzizi, wanawake kwa wanaume, kutoka Luvungi hadi Sange. Siku ile ilikuwa zamu ya Maman Nabintu katika likirimba yao.

Likirimba mnaijua: kila mmoja anatoa fungu lake, na kwa zamu mmoja anapokea yote. Yao haitoi pesa, inatoa siku. Zamu yako ikifika, wenzako wanafunga mashine zao na kuja kufanya kazi kwako, kila mmoja na anachokijua. Maman Nabintu, mama mfupi mwenye sauti inayoshinda moteri ya mashine, alinieleza ilivyoanza. Zamani bonde zima lilimtegemea fundi mmoja. Akahama na familia yake, na mashine zikasimama mpaka zikaota kutu. Alichokijua kilikuwa ndani ya kichwa kimoja, na kichwa kimepanda gari.

"Injeniya amefika," mtu akasema.

"Mimi si injeniya," nikajibu haraka kupita kiasi.

"Basi weye ni nani?" Maman Nabintu akauliza.

"Ni mtu aliyeangalia."

"Vizuri. Tunakuangalia na sisi. Mayi inachemka."

Kweli maji yalikuwa yanachemka. Sufuria kubwa ilikuwa juu ya moto, maji matupu, na pembeni sufuria ya sombe ya majani ya muhogo na ndagala wadogo wa ziwani imefunikwa kwa jani la mgomba. Katika kijiji cha mpunga hapakuwa na mchele wa kupika. Maman Nabintu aliweka maji motoni kabla sijafika, ili wote wajue anategemea nini.

Tami ina vipande viwili vinavyokaa ubavu kwa ubavu. Nikaketi chini, nikaweka bamba la kwanza juu ya gogo, nikaanza kukata. Chuma cha beleshi kilipokea tindo vizuri kuliko pipa. Nilipiga tupa kila mwanya, nikapuliza vumbi, nikapima, nikapiga tena, na watu waliniachia. Kilipokamilika nilikiinua kwenye jua na mwanga ukapita katika mistari. Ilikuwa kazi nzuri. Naandika hivyo bila haya.

Nilipovuta bamba la pili, mkono ukaliwahi. Ulikuwa wa Maman Riziki, mwenye mashine wa Sange, mwanamke mwenye vidole vifupi vinene na kitambaa cha kanisa kichwani.

"Hii ni yangu," akasema.

Nikadhani anatania. Maman Nabintu akanieleza kanuni: katika likirimba yao, kilichoonyeshwa lazima kitoke katika mkono wa pili kabla mtu hajala. Mwenye kuonyesha anakaa karibu, anasema, hagusi.

Nilisema wanunuzi wanakuja kesho. Nilisema ni mpunga wa kijiji kizima, si mahali pa kujifunzia. Nilisema nitamfundisha kila kitu kesho kutwa, kwa utulivu.

"Na ukikufa leo?" Maman Riziki akauliza, akiwa tayari ameshika tindo.

"Sifi leo."

"Ule fundi pia hakukufa. Alihama tu."

Watu wakacheka, nami nikakaa. Jamani, saa ile ndiyo sehemu ndefu kuliko zote za safari. Mwanya wake wa kwanza ulikuwa kama njia ya mlevi. Nilikalia mikono yangu. Harufu ya sombe ilikuwa inazunguka, na mzee mmoja kutoka Luvungi alikuwa anasema, "Maman Riziki, fanya mbio, tumbo yangu inasikia kila nyundo." Yeye hakuharakisha. Kila alipokosea aliniuliza kwa nini, na nilipomjibu aliwageukia wenzake akawarudishia jibu kwa maneno yake, nao wakaongeza la kwao. Hivyo watu wote wa bonde walipata nilichokipata mimi peke yangu kwa mabati mengi na usingizi mwingi. Kuanzia katikati ya bamba, mianya yake ilianza kunyooka. Si sana.

Tukavichoma vipande vyote viwili, tukavizamisha katika mafuta kama Bisimwa alivyosema. Tulipokwisha kuvifunga kwa bolti nilikuwa tayari kumwaga mpunga, Maman Riziki akanizuia tena. Alimimina pumba tupu kwenye mashine na kuiacha izunguke. "Tami mupya iko na meno," akanieleza. "Pumba inatoa meno. Bila hivyo inavunja mchele yote." Hilo halikuwa kwenye video yoyote.

Kisha Maman Nabintu akafungua gunia la kwanza.

Upande wa bamba langu pumba zilishuka safi. Upande wa Maman Riziki zilishuka na chenga kidogo, naye akaweka beseni chini, akasema hizo ni za uji wa wajukuu. Mbele mchele ulikuwa unatoka, mweupe na mzima. Maman Nabintu alichota kwa viganja, akanusa, akaenda kuutia kwenye maji yanayochemka. Tulikula jua lilipokuwa linaingia nyuma ya milima. Sijui kama wali ule uliiva vizuri. Kila mtu aliusifu, na mimi nilikula sahani mbili.

Asubuhi wanunuzi walifika na gari lao. Walikuta foleni ya magunia inaelekea mashineni, siyo barabarani.

"Mpunga iko wapi?" mmoja akauliza.

"Mpunga haiko," Maman Nabintu akajibu kwa sauti yake ile juu ya moteri. "Iko mchele. Ukitaka, panga mustari."

Mnunuzi akapiga hesabu yake kimoyomoyo, akapanga mstari. Nilitazama watu waliokuwa mbele yake kwenye foleni. Hakuna aliyemcheka. Walijinyoosha tu, kila mmoja akiwa ameweka mkono juu ya gunia lake. Nimezaliwa katika mkoa ambao watu wengi wanaujua kwa habari za huruma. Siku ile nilikuwa mmoja wa watu wasiohitaji kuhurumiwa na mtu.

Sange

Maman Riziki alinichukua hadi Sange niangalie mashine yake. Sanduku lilinipata huko lori lilipopita kuelekea Uvira, limeshuka kutoka kwenye magodoro bila mkwaruzo, kitambaa kikiwa bado cheupe. Tulilifungua mbele ya wateja wake. Alivigeuza vyujio vyangu, akasema vinapendeza, akauliza ni chuma gani. Nikamwambia ni pipa. Akakikunja kimoja kwa vidole viwili, kama Bisimwa, akanitazama kwa huruma ya kweli, kisha akamtuma mtu atafute mabeleshi mabovu.

Nilirudi Bukavu na Papa Déo yuleyule. Aliwasimulia abiria wapya habari ya rozari kabla hatujafika Kamanyola, nami nikamsaidia alipokosea.

Tangu wakati huo msimu mwingine umepita. Siku hizi natuma mchoro siku ileile ninayouchora, hata ukiwa umepinda, na ninayojibiwa yananisaidia kuliko video. Tami zinakatwa Kamanyola, Luberizi na Sange, na sasa nasikia Luvungi pia, na mtu ninayemjua kwa sauti tu. Nyingi sijaziona, wala sijui kama mianya yake imenyooka. Mpunga wa Luberizi unakobolewa Luberizi.